Tochi na Kengele ya Wodi ya Njiti

Ofisini wanamwita Tochi kwa sababu ya namna anavyotafuta makosa. Waandishi wengine wa programu wakipata hitilafu huanza kubahatisha: wanabadilisha mstari huu, wanafuta ule, wanazima na kuwasha, wanalaani. Tochi habahatishi. Huanza mwanzo kabisa wa programu na kumulika kila hatua, mpaka afike mahali ambapo kilichoingia kizima kinatoka kimevunjika. Hapo ndipo huvua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na wenzake wakajua kwamba ameshampata mchawi wake.

Kifaa chake cha kumulikia ni amri moja ndogo iitwayo chungulia. Imo katika maktaba ya programu inayotumiwa na ofisi nzima, yaani mkusanyiko wa amri zilizoandikwa tayari, ili mtu asianze upya kila siku kuandika namna ya kupanga orodha au ya kutafuta namba iliyo ndogo kuliko zote. Amri hizo huunganishwa mfano wa watu waliojipanga kupitishiana ndoo za maji. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa anayefuata. Chungulia ni mtu anayesimama katikati ya mstari, anatazama ndani ya ndoo, anasema kwa sauti alichokiona, kisha anaipitisha ilivyo. Haongezi tone wala hapunguzi. Ndivyo ofisi nzima ilivyoamini.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira hupanda na ngazi, na jenereta la duka likinguruma, vikombe vya chai hutetemeka mezani. Waandishi ni wachache. Wanaandika programu za hospitali: za kupanga foleni za wagonjwa, za kuhesabu dawa ghalani, na moja ya kulinda watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia.

Wana desturi moja ambayo hakuna anayethubutu kuivunja. Wanaiita kufagia. Zamani kidogo, chungulia moja ilisahauliwa ndani ya programu iliyokwisha kupelekwa kwa mteja, na majina ya wagonjwa pamoja na magonjwa yao yakawa yanaandikwa kwenye skrini ya mapokezi, watu waliopanga foleni wakisoma kama matokeo ya mpira. Mkuu wa ofisi aliitwa, akafokewa mbele ya watu, akarudi amebadilika rangi. Tangu hapo, kabla ya programu yoyote kutoka, hupitishwa kwenye ufagio: programu nyingine ndogo inayopekua kila faili na kuondoa kila chungulia inayoikuta. Wanajaribu ikiwa na chungulia ndani, wanaridhika, wanafagia, wanatuma. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wasijaribu tena baada ya kufagia. Ukishafagia sebule, huna haja ya kurudi kuangalia kama kuta bado zimesimama.

Tochi alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kazi hii. Hana mtoto, na hilo halizungumzii. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, maana mama yao alifanya kazi ya kusafiri, na mara nyingi mkubwa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba. Mdogo mtu anapenda kumsimanga kwa hilo. "Dada yangu huyu," huwaambia wageni, "mkimpa sufuria ya wali, wali hauivi. Kila dakika anafunua mfuniko aone umefika wapi. Mvuke wote umeisha, sisi tunatafuna mchele."

Mdogo mtu huyo ndiye aliyejifungua mapema mno, mtoto wa kike, mwepesi kama mkate. Wakamweka kwenye inkubeta, kile kisanduku cha vioo chenye joto, katika hospitali ambayo ofisi ya Tochi iliiwekea programu ya njiti.

Wodi hiyo ni chumba kirefu chenye joto la kusinzisha. Mlangoni zimepangwa ndala za akina mama, na ndani kunanuka spiriti na maziwa. Kila mtoto ana waya mwembamba uliobandikwa kifuani, unaopima joto la mwili wake. Ukutani kuna skrini kubwa yenye miraba, kila mtoto na mraba wake. Mraba ukiwa wa kijani, mtoto ana joto la kutosha. Joto likishuka, mraba unageuka njano na kengele inalia kwenye meza ya wauguzi. Kipande cha programu kinachoamua kengele ilie au isilie kiliandikwa na Tochi kwa mkono wake.

Siku ya kwanza mdogo mtu alisimama mbele ya ile skrini amejishika ukuta, kanga imemlegea, macho yamevimba.

"Dada, huyu wa mwisho huku chini ndiye wetu?"

"Ndiye huyo."

"Na nikisinzia, akapata baridi?"

"Kengele italia kabla wewe hujageuza shingo. Nenda ukalale, mama. Ile ni kazi yangu, naijua."

Mdogo mtu alimwamini kama alivyomwamini tangu utotoni. Alikwenda kwenye chumba cha akina mama, akalala usingizi wa kwanza tangu ajifungue. Kila siku baada ya hapo aliweza kufumba macho kwa sababu ya kengele hiyo. Wauguzi walimtania kwamba wengine hukesha, yeye anakoroma.

Siku chache baadaye, mchana, Tochi alipita kumwona mtoto. Wodi ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Hospitali ya jirani ilikuwa imefunga wodi yake kwa matengenezo, wagonjwa wote wakaletwa hapa, na baadhi ya inkubeta zilikuwa na watoto wawili wawili. Ukutani, miraba yote ilikuwa ya kijani. Muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza ambaye wodi nzima inamwita Sista, alikuwa akizunguka na kuingiza mkono kwenye kila kisanduku, anagusa miguu ya mtoto, anatoa mkono, anaenda kwingine. Alipofika inkubeta ya pembeni, iliyo jirani na ya mtoto wa mdogo wake Tochi, alisimama.

"Hebu njoo, mama mkubwa," alimwita Tochi bila kugeuka. "Mguse huyu mguu."

Tochi alinawa mikono, akaingiza kidole. Mguu ulikuwa baridi kama bomba la maji la asubuhi.

"Sasa tazama pale ukutani. Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani!" Sista alikuwa ameshamchomoa mtoto na kumtia kifuani mwake, ndani ya sare, ngozi kwa ngozi. "Mashine hii inanichekea usoni. Siku tukiwa na watoto wachache inapiga kelele vizuri tu. Tukijaa, inalala. Mimi simwamini tena yule pale ukutani, ila nina mikono miwili, na unaona walivyo wengi."

"Hamkuwaambia waliowawekea?" Tochi aliuliza.

"Tuliwaambia! Wakatujibu kwa lugha tamu kweli, kwamba wameikagua hatua kwa hatua na haina kasoro. Ningempata aliyeandika jibu lile, ningemkalisha hapa zamu mbili, akojolewe."

Aliyeandika jibu lile ni Tochi mwenyewe. Alikumbuka mpaka kiti alichokuwa amekalia. Alikuwa ameifungua programu ya njiti, akatia chungulia katika kila hatua, akaipa joto la chini la uongo, na kengele ikalia. Akarudia, ikalia. Akaandika kwamba haina kasoro, akaenda kula.

Alimtazama mtoto wa mdogo wake kupitia kioo. Kifua kidogo kilipanda na kushuka. Mraba wake ulikuwa wa kijani, na kwa mara ya kwanza hakuiamini rangi ile.

"Sista," alisema, "mdogo wangu akiamka, mwambie akae karibu na mtoto. Asilale."

"Kulikoni?"

"Jibu lile niliandika mimi. Nakwenda kutafuta kosa."

Sista alimkata jicho refu, toka miguuni hadi usoni, huku mtoto wa watu akiwa kifuani kwake. "Basi bado uko hapa unafanya nini?" alisema.

Ofisini, mwenzake wa meza ya pili, kijana mwenye kipara ambaye wote wanamwita Jirani, alikuwa akila karanga. Tochi alimweleza kwa maneno machache. Jirani aliacha kutafuna.

Wakatengeneza wodi ya bandia ndani ya kompyuta: watoto wachache wasio na miili, kila mmoja na joto lake la kubuni. Tochi akatia chungulia kila hatua. Wakashusha joto la mtoto mmoja. Kengele ikalia. Wakaondoa chungulia zote, kama ufagio unavyofanya. Kengele ikalia vilevile.

"Nzima hiyo," alisema Jirani. "Labda waya za hospitali."

"Sista kasema wakijaa." Tochi alianza kuongeza watoto. Aliongeza mpaka wodi ya bandia ikafanana na ile aliyotoka kuiona. Wakashusha joto la mtoto wa mwisho. Wakasubiri. Jenereta la chini lilinguruma, vikombe vikatetemeka. Kwenye kompyuta hakuna kilichotokea. Mraba wa mtoto yule ulibaki kijani, na joto lake waliendelea kulishusha mpaka likafika mahali ambapo binadamu haishi. Kijani.

"Mungu wangu," alisema Jirani.

Tochi akairudisha chungulia moja tu, pale katikati. Kengele ikalia mara hiyo hiyo. Akaiondoa. Kimya. Akairudisha. Ikalia.

"Dada, hii kitu inaogopa macho," Jirani alinong'ona. "Ukiitazama inafanya kazi. Ukigeuka, inaacha."

Mtu mwingine angeishia hapo na kusema ni mashetani. Tochi aliifungua maktaba yenyewe, akasoma ile mistari ambayo watumiaji hawana haja ya kuisoma, na kabla chai ya Jirani haijapoa alikuwa amevua miwani na kushika pindo la shati.

Maktaba ile ni mvivu kwa makusudi. Ukiiambia ichukue vipimo vya joto vya mtoto, iondoe vibovu, itafute kilicho chini kuliko vyote, inaitikia tu kwamba imesikia. Haifanyi lolote mpaka mwisho kabisa, mtu anapodai jibu. Ni uvivu wenye faida, unaiokoa kompyuta na kazi za bure. Lakini vipimo vya wodi huwekwa mahali pa muda, na mahali hapo husafishwa kila baada ya kitambo kifupi ili vipimo vipya vipate nafasi. Watoto wakiwa wachache, jibu hudaiwa mapema, vipimo vikiwa bado vipo. Watoto wakiwa wengi, zamu ya walio mwisho wa foleni inafika wakati pameshasafishwa. Maktaba inanyosha mkono na kukuta patupu. Kwenye patupu hapana joto la chini, na pasipo joto la chini hapana kengele. Mraba unabaki na rangi yake ya mwisho.

Chungulia, ili ione kilichomo ndani ya ndoo, huilazimisha maktaba ifanye kazi yake palepale, vipimo vikiwa bado vipo. Kwa muda wote huo yule mtazamaji asiyeongeza wala kupunguza ndiye aliyekuwa ameishika programu isianguke, na wao walimfagia kila mara kabla ya kuituma.

"Walio mwisho wa foleni ni akina nani?" Jirani aliuliza.

"Walio wepesi kuliko wote. Foleni imepangwa kwa uzito."

Jirani alijifuta kipara. Watoto hao ndio wanaopoteza joto upesi kuliko wote.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: amri nyingine ndogo ya maktaba hiyohiyo, kamilisha, inayoilazimisha kuhesabu papo hapo, na ambayo ufagio hauigusi. Tochi aliuandika. Safari hii alifagia kwanza, kisha akajaribu, akiwa na wodi iliyojaa kupita kiasi. Kengele ililia kila alipotaka ilie. Akaenda kwa Mkuu.

Mkuu wa ofisi si mtu mbaya. Ana sauti ya upole na tabia ya kunyoosha vitu mezani wakati anasikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kalamu, akanyoosha simu.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Tutaituma na toleo la mwisho wa mwezi, kwa hospitali zote, kwa utaratibu."

"Mwisho wa mwezi?"

"Tukituma leo kwa haraka watauliza haraka ya nini. Tutajibu nini? Kwamba tangu tuiweke ilikuwa inalala? Fikiria, mama. Ofisi hii ina watu, watu wana familia."

"Bosi, mwanangu yumo mle ndani."

"Mwanao?" Mkuu alishangaa. "Wewe?"

"Mtoto wa mdogo wangu tumbo moja. Mwanangu. Yuko wa mwisho kwenye foleni, na mama yake nilimwambia mimi alale."

Mkuu aliangalia vidole vyake. "Nenda kaiweke pale kwenu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetoa ruhusa ya ugonjwa. "Hizo nyingine zisubiri." Kisha akanyanyuka, akaufunga mlango wa chumba chake taratibu, yeye akiwa ndani.

Jirani alikuwa amesimama ukumbini, amesikia yote. Alikwenda mezani kwake, akasogeza karanga, akanyanyua simu, akaanza na hospitali ya kwanza kati ya zile nyingine. Tochi alipokuwa akishuka ngazi na kompyuta yake kwapani, alimsikia akiongea kwa sauti kubwa, bila shaka ili ipenye mlango uliofungwa: "Habari ya kazi, sista. Naomba unisikilize vizuri. Ile kengele ya njiti msiitegemee. Tumieni mikono. Ndiyo, mikono. Kila mtoto."

Wodini, mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya inkubeta, mkono mmoja ndani ya kitundu, kidole kimeshikwa na mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sista kaniambia nisilale," alisema. "Dada, uliniambia nilale."

"Najua."

"Siku zote hizo nilikuwa nalala, dada."

"Najua, mama. Nipe nafasi kidogo."

Tochi alikaa sakafuni chini ya skrini, akaunganisha kompyuta yake, akaiweka programu mpya. Sista alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, kama mwenye nyumba anayemsimamia fundi bomba. Skrini ilizimika, ikawaka tena. Miraba ikarudi mmoja mmoja. Wa kijani, wa kijani, wa kijani.

Kengele ikalia.

Sista aliruka. Ilikuwa inkubeta ya karibu na dirisha, mlango wake haukufungwa vizuri. Aliufunga, akampapasa mtoto, akageuka kuondoka, na kengele ikalia tena, upande mwingine. Muuguzi wa pili alikimbilia huko. Kabla hajafika ikalia kwa kisanduku chenye watoto wawili, ambapo mmoja alikuwa amejifunua. Miraba ya njano ilikuwa ikijitokeza ukutani hapa na pale, mingine ikirudi kijani baada ya kitambo, mingine ikikataa. Akina mama waliingia wamechanganyikiwa, wengine bado na ndala miguuni, wakiuliza mitambo imeharibika au vipi.

"Imeharibika?" Sista alimfokea Tochi kutoka ng'ambo ya chumba, mtoto mkononi. "Mbona haijawahi kulia hivi?"

"Haijaharibika."

"Kwa hiyo ndivyo inavyotakiwa kulia?"

"Wakijaa, ndiyo. Ndivyo."

Mraba wa chini kabisa ukageuka njano. Mdogo mtu hakuusubiri mlio. Alikuwa amekwisha kufungua kioo, na Sista akafika akiwa anahema, akamshika mtoto, akamweka kifuani kwa mama yake, akawafunika wote wawili kwa blanketi na kuwabana pamoja kwa mikono yake minene. Mtoto alitoa sauti ndogo, ya kulalamika. Wakasubiri. Kengele iliendelea kulia muda mrefu kuliko Tochi alivyofikiri angeweza kuvumilia, kisha ikakatika, na mraba ukarudi kijani.

"Yuko sawa," alisema Sista. "Anapata moto. Yuko sawa."

Mdogo mtu alikuwa analia bila sauti, kidevu juu ya kichwa cha mtoto. Tochi alimshika bega.

Sista aliinuka, akajifuta jasho kwa kiwiko. Aliiangalia skrini, akaiangalia safu ya visanduku, na Tochi aliona uso wa Sista ukianza kupiga hesabu ya watoto ambao kengele haikuwalilia, hesabu ambayo yeye Tochi alikuwa ameikwepa tangu mchana.

"Mwezi uliopita," Sista alisema polepole, "tulijaa kuliko leo."

Kengele ikalia karibu na mlango, na akaenda.